Swali la Nne

Ujumbe uliingia Jumanne saa nne usiku, nikiwa nakaanga mayai. Mratibu wa tamasha moja la vitabu hapa Dar es Salaam alianza kwa heshima zote, habari za masomo, pole na majukumu, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka huu wametenga saa nzima kwa ajili ya hadithi za kutisha. Wazungumzaji wanne wameshakubali. Wanaomba mimi niongoze mjadala. Mada ni "Tunaogopa Nini?" Nilijibu kwamba nitafurahi sana, nikarudi jikoni, nikakuta mayai yameungua. Nikayala hivyo hivyo.

Inabidi nieleze furaha hiyo. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nasoma fasihi ya Kiswahili. Darasani, hadithi za kutisha hutiwa kapu moja na za mapenzi na za upelelezi, kapu linaloitwa riwaya pendwa, na jinsi wengine wanavyolitamka neno hilo, "pendwa" inasikika kama lawama. Nimekaa semina nzima tukimjadili Kezilahabi bila kuthubutu kusema kwamba nikifika nyumbani naandika habari za majini. Lakini hizo ndizo hadithi zilizonilea. Nilizisoma kwenye magazeti ya udaku yaliyofungiwa maandazi, sehemu ya kumi na moja bila ya kumi wala ya kumi na mbili. Nilitazama Nsyuka na Shumileta, filamu za Mussa Banzi, kwenye banda la video kule Mwanza nilikokulia, nikichungulia kupitia vidole. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba watu watakaa kwenye viti saa nzima kuzungumzia hadithi za namna hiyo, na mimi nitashika kipaza sauti, nilijiona kama mtoto aliyeitwa mbele ya shule kupewa zawadi ya daftari.

Nilikuwa na wiki tatu. Sikuwahi kuongoza mjadala wowote isipokuwa kikao cha wapangaji wa nyumba yetu hapa Changanyikeni kuhusu bili ya maji, na kikao hicho kiliisha kwa watu kununiana. Nikafanya ambacho mtu wa rika langu angefanya: nikanunua bando, nikaingia YouTube.

Wamarekani wana mikutano maalumu ya mambo haya. Kuna StokerCon, mkutano wa kila mwaka wa chama cha waandishi wa hadithi za kutisha, uliopewa jina kwa heshima ya Bram Stoker aliyeandika Dracula mwaka 1897. Tuzo wanayotoa ni sanamu ya nyumba ya mizimu yenye mlango mdogo unaofunguka, na jina la mshindi limeandikwa nyuma ya mlango huo. Nilitazama video za mijadala yao na ya mikutano mingine ya aina hiyo mpaka bando likaisha, nikanunua jingine. Nilikuwa siwaangalii wazungumzaji. Nilikuwa namwangalia yule wa katikati, modereta, na nikaanza kuona kwamba aliye bora haonekani sana. Amewaandikia wenzake mapema. Amesoma vitabu vyao. Amejifunza kutamka majina yao. Anaangalia saa bila watu kujua kwamba anaangalia saa. Anamkatiza kwa upole aliyeteka kipaza sauti, kisha anamgeukia aliyekaa kimya tangu mwanzo. Kama na yeye ni mwandishi, siku hiyo kitabu chake anakiacha kwenye begi. Katika daftari langu niliandika mstari mmoja nikaupigia mstari chini: kazi ni kugawa zamu.

Nilijifunza pia kwamba mikutano hiyo ina ugomvi wake. Tuzo ya World Fantasy, iliyoanza kutolewa mwaka 1975, kwa miaka mingi ilikuwa sanamu ya kichwa cha H. P. Lovecraft, mmoja wa mababu wa hadithi za kutisha za Marekani. Mwaka 2011 ilimwendea Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kwa riwaya yake Who Fears Death. Baadaye alieleza hadharani jinsi alivyojisikia baada ya kuonyeshwa shairi ambalo Lovecraft aliandika kuwadhalilisha watu weusi, naye kichwa cha mtu huyo kipo nyumbani kwake. Watu walibishana miaka kadhaa, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu ile haitatumika tena. Niliisoma habari hiyo nikatikisa kichwa, nikasema Wazungu bwana, babu yao wa woga alikuwa anawaogopa watu kama mimi. Sikujua kwamba wiki mbili baadaye ningekuwa najiuliza mimi naye namwogopa nani.

Nikaanza kuwasoma wazungumzaji wangu. Mmoja ni mwandishi wa riwaya kutoka Unguja, mtu mzima, mpole, ambaye ujumbe wake wa simu huwa na nukta na mkato mahali pake. Wa pili ni mtengenezaji wa filamu. Wa tatu ni mtafiti wa simulizi za mdomo. Wa nne ni kijana anayeandika hadithi za WhatsApp: anakupa sehemu tatu bure, ya nne unatuma shilingi elfu moja kwenye namba yake, anakuunga kwenye kundi. Nilituma. Nilitaka kujua kama binti atatoka kisimani. Usiku huo huo nikatuma nyingine.

Maswali matatu ya mwanzo yalikuja yenyewe. La kwanza: ni kitu gani kilikutisha utotoni? Hilo la kuwalegeza. La pili: Kiswahili kinatishaje, yaani lugha yenyewe ina nini, ukiacha majini na makaburi? La tatu lilihusu Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, tajiri anakutwa ameuawa mahali penye mzimu, na kila mtu yupo tayari kuamini kwamba mzimu umefanya kazi yake. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, na taratibu tunaona kwamba aliyeua ana miguu na ana sababu. Mwaka 1968 Abdulla akatoa Kisima cha Giningi, akatumia jina la mahali ambapo Wazanzibari wanasimulia kwamba wachawi hukutana. Nilitaka kuuliza: je, mwandishi anayefichua kwamba mzimu hakuwa mzimu ametunyang'anya utamu, au ametupa kitu kikubwa zaidi?

Ili niandike swali la nne nilichora jedwali. Ni tabia ya darasani, sikuikusudia kuwa zaidi ya hapo. Upande wa kushoto niliorodhesha hadithi kumi na moja nilizosoma na kutazama kwa ajili ya mjadala. Upande wa kulia nikaandika: anayetisha ni nani? Nilipomaliza nikaona neno moja limejirudia mara nane. Bibi kizee. Bibi kizee wa mwisho wa kijiji. Bibi kizee asiye na mtoto. Bibi kizee mwenye paka. Bibi kizee mwenye macho mekundu.

Hadithi ya kumi na moja katika orodha ilikuwa yangu.

Inaitwa "Macho". Niliiandika nikiwa na miaka ishirini na tatu, ikasambaa mitandaoni kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na ndiyo iliyomfanya yule mratibu anitafute. Mtoto anapelekwa likizo kijijini. Jirani ni bibi anayeishi peke yake, macho mekundu kama makaa. Watoto wa kijiji wanaanza kuugua mmoja mmoja. Mwishoni mtoto anachungulia dirishani usiku na kuyaona macho mawili yamesogea karibu na kioo. Watu waliniandikia kwamba wamelala taa zikiwaka. Nilizihifadhi jumbe hizo.

Macho yale sikuyabuni. Niliyachukua kwa bibi yangu mzaa baba.

Bibi alikuwa anaishi wilayani Kwimba. Huko miti ni michache, na sehemu nyingi za Usukumani watu hupikia mabua, vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Jiko lake lilikuwa kijumba cha nyasi kisicho na dirisha. Alipikia humo tangu akiwa msichana, akiinama na kupuliza, watoto tisa, kisha wajukuu. Ukikaa ndani dakika tano unatoka unalia. Yeye alikaa miaka hamsini. Macho yake yalikuwa mekundu asubuhi, mchana na jioni, na sisi wajukuu tuliona ni rangi yake, kama vile mtu mwingine alivyo mrefu.

Mwaka 2013, nikiwa Kidato cha Pili, nilitoka shule nikamkuta bibi amekaa sebuleni kwa shangazi, Igoma, na furushi moja. Tuliambiwa amekuja kutibiwa macho. Alitibiwa kweli, alipewa dawa ya matone. Lakini hakurudi tena kijijini, ng'ombe wake wakagawanywa, na sisi watoto tulijua kuna jambo, kwa sababu watu wazima walikuwa wanazungumza Kisukuma kwa sauti ya chini kila tulipoingia.

Habari kamili niliipata nikiwa mtu mzima, kwa baba mdogo, kwenye msiba, saa nane za usiku, karibu na moto. Mvua zilikuwa zimekataa. Mtoto wa jirani alikufa, halafu mwingine. Watu walikwenda kwa mganga, naye akapiga ramli. Waganga hawa hawataji jina. Alisema tu kwamba adui yupo upande wa mawio ya jua, anakaa peke yake. Baada ya hapo watu wakaacha kumsalimia bibi kisimani. Hakuna aliyemtukana. Waliacha kumsalimia tu. Asubuhi moja akakuta mlango wake umepakwa kitu cheusi. Baba mdogo alikodi pikapu, akafika usiku taa zimezimwa, akamwambia mama panda.

Aliwahi. Wengi hawakuwahiwa. Mtafiti Simeon Mesaki, aliyeandika sana kuhusu jambo hili, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao Usukumani, na wengi wao wanawake. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, akachapisha matokeo mwaka 2005: katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka karibu mara mbili. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua ni ndugu zao. Nilizisoma kazi hizo kwa ajili ya mjadala, nikiwa maktaba, na nilipofika kwenye habari ya mvua nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilisimama chini ya mwembe nikiangalia wanafunzi wanavyopita na chipsi zao.

Yote haya niliyajua, angalau nusu yake, nilipoandika "Macho". Hilo ndilo linalonisumbua. Sikuwa mtoto wala mgeni. Nilihitaji kitu cha kutisha, nikaingiza mkono kwenye kapu ambalo kila mtu anaingiza mkono, nikatoka na uso wa bibi yangu, na sikuhisi chochote isipokuwa furaha ya kupata picha nzuri.

Swali la nne likaandikwa hivi: Katika hadithi zetu nyingi mchawi ni bibi kizee. Katika nchi ambayo wanawake wazee wameuawa kwa sababu hiyo hiyo, je, sisi tunasimulia woga huo au tunaulisha?

Nikawatumia wazungumzaji maswali yote. Mwandishi wa Unguja alijibu kesho yake kwamba swali ni zuri, na akaongeza habari ya Popobawa. Alikuwepo mwaka 1995, lilipoanzia Pemba likavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje barazani, makundi makundi, moto unawaka mpaka alfajiri. "Sisi tunacheka sasa," aliandika, "lakini mwanangu, katika hekaheka zile palikuwa na mtu mwenye maradhi ya akili. Watu walimdhania ndiye. Wakamuua." Kijana wa WhatsApp alituma emoji ya mtu anayefikiri. Mtafiti alituma makala tatu.

Mtengenezaji wa filamu alipiga simu. "Dada yangu," alisema, "naomba tusigeuze kikao kuwa semina ya haki za binadamu. Mtu analipa nauli kuja kutishwa. Ukimwondoa mchawi kwenye hadithi ya Kiafrika utabaki na nini? Vampaya? Na hao bibi zetu wenyewe ndio waliotusimulia. Mchawi wa hadithi za bibi yako alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana alikuwa na haki. Bibi ndiye aliyetusimulia. Tukiwa tumemzunguka jikoni, macho yanatutoka machozi, alitusimulia habari za fisi wanaopandwa usiku na wachawi, na mimi ndiye niliyekuwa namwomba aendelee. Mapenzi yangu kwa hadithi za kutisha yametoka kwenye kijumba kile kile kilichoyafanya macho yake yawe mekundu. Nilimwambia mtengenezaji wa filamu kwamba nitalifikiria, nikakata simu, nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula ugali wa shangazi yako, mlaini kama uji. Sema, maana hupigi siku ya kawaida."

Nikamweleza habari ya tamasha. Nikamweleza kwamba miaka mitatu iliyopita niliandika hadithi na ndani yake kuna bibi mwenye macho mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, ila siyo kwa alichosema.

"Naijua. Dada yako alinisomea kwenye simu."

Dada yangu ni binti wa shangazi. Kumbe bibi alikuwa anaijua muda wote, Krismasi mbili zimepita, nimekaa naye nikila kuku wake.

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ungesema nini?"

Nikanyamaza. Nilisikia redio ya shangazi kwa mbali na mtu anatwanga.

"Lakini nilitaka kukuuliza kitu," akasema. "Yule bibi wako, mbona hasemi?"

"Hasemi vipi?"

"Tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilimwambia dada yako asome tena, nikadhani ameruka. Anacheka, anakohoa, anatazama watu. Neno hasemi."

Nikajaribu kukumbuka. Ni kweli. Hadithi ina kurasa saba, mtoto anasema, mama yake anasema, mwenyekiti wa kijiji anasema, hata muuza samaki ana mistari miwili. Bibi hana hata mmoja. Nilipoandika niliona ukimya wake unatisha zaidi.

"Na kule ilikuwa hivyo hivyo," bibi akaendelea. "Hakuna aliyekuja kuniuliza. Hata mmoja. Ningewaambia."

"Ungewaambia nini?"

"Ningewaambia ni moshi."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenionyesha palipo na chumvi. Kisha akaniuliza kama Dar es Salaam mvua zimeanza, nikamwambia bado, akaniambia nisisahau kula, akakata kwa sababu anaamini dakika zangu zinaisha hata pale anapopigiwa yeye.

Siku zilizofuata nilijaribu kuiandika upya "Macho" kutoka upande wa pili wa kioo. Bibi yupo ndani. Taa ameizima mwenyewe. Anahesabu nyayo uani, anajua nyingine ni za nani, maana alimpakata mwenye nyayo hizo akiwa mchanga. Mbuzi wamenyamaza. Kwenye dirisha unatokea uso wa mtoto unaochungulia, na bibi hajui kama mtoto ametumwa kuangalia amelala upande gani. Niliandika kurasa mbili nikaogopa. Naandika hadithi za kutisha tangu Kidato cha Tano, na ilikuwa mara ya kwanza kuinuka kwenda kuhakikisha kwamba mlango wangu nimeufunga.

Nikampigia mtengenezaji wa filamu. Nikamwambia simwondoi mchawi, wala simkatazi mtu kumwandika bibi kizee. Nikamkumbusha hadithi fupi ya Shirley Jackson, "The Lottery", ya mwaka 1948, ambamo hakuna mzimu wala damu ya jini; kuna asubuhi nzuri ya kiangazi, majirani wanaojuana kwa majina, na rundo la mawe. Ilipotoka katika jarida la The New Yorker, wasomaji waliandika barua chungu nzima, wengine kwa hasira. Nilimwambia kwamba watu walitishwa barabara, na kamera ilikuwa imegeuzwa tu kidogo. Alikaa kimya. Kisha akasema, "Hiyo ya nyayo uani, umemalizia?" Nikasema bado. Akasema nikimaliza nimtumie, yeye ana mama yake Geita.

Mimi bado sina uhakika kama hadithi inaweza kuua mtu. Waliomnyima bibi salamu hawakusoma "Macho", haikuwa imeandikwa. Walikuwa na ukame, watoto wawili kaburini na mganga mwenye njaa. Ila najua kwamba msomaji wangu aliyelala taa zikiwaka, akienda likizo kijijini na kumkuta jirani mzee mwenye macho mekundu, kitu cha kwanza atakachokumbuka nimekiweka mimi. Na kitu cha pili, yaani sauti ya mwenye macho hayo, sikumpa.

Kwa hiyo nimefanya ambacho modereta anaweza kufanya, ambacho si kikubwa. Nimelitoa swali la nne mahali pake nikaliweka la kwanza, na nitaanza kulijibu mimi mwenyewe kwa dakika mbili, nikiwa na hadithi yangu mkononi, ili mzungumzaji yeyote asidhani ninamnyooshea kidole. Ni kinyume cha nilichojifunza YouTube, lakini hadithi yenyewe ndiyo mshitakiwa, siwezi kuiacha kwenye begi. Baada ya hapo nitanyamaza na kugawa zamu. Dakika kumi za mwisho ni za ukumbi, na nimemwomba mratibu kipaza sauti kifike mpaka viti vya nyuma, kwa kuwa wazee wanapokuja kwenye shughuli za vijana hukaa huko.

Mjadala ni kesho saa tisa alasiri. Nimechapa maswali kwa herufi kubwa. Nimeazima saa ya mkononi kwa jirani, tuliyepatana baada ya ile bili ya maji. Jioni hii bibi amepiga simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa mwaka. Ameuliza watu watakuwa wangapi. Nimemwambia labda mia moja, labda ishirini. Ameuliza nitakaa wapi. Nimemwambia mbele, nikiwatazama.

"Huo ukumbi una milango mingapi?"

Nikawaza kidogo, nikakumbuka siku nilipokwenda kuutazama. "Miwili, bibi."

"Unaiona yote ukiwa umekaa?"

"Naiona."

"Haya," akasema. "Basi zungumza tu."